Ulimi wa Kuazima

Ugonjwa ulimjia Geum-rye akiwa ameinama katika shamba la vitunguu saumu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuomba radhi. Alidhani amekanyaga mche wa mwenzake. Kumbe alikuwa amelala chali juu ya tuta, na mlima ulio nyuma ya kijiji ulikuwa unazunguka taratibu kama nguo ndani ya mashine ya kufulia. Wenzake walimbeba hadi kivulini. Alitapika mpaka akabaki hana cha kutapika, kisha akafumba macho akasubiri ardhi irudi mahali pake. Ilirudi jioni. Lakini kuanzia siku hiyo hakuiamini tena.

Katika hospitali kubwa ya Gwangju walimvisha miwani mizito, wakamlaza, wakamgeuza kichwa huku na huku. Daktari kijana akamwambia kwamba ndani kabisa ya sikio lake la kushoto maji yamezidi. Akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi. Geum-rye aliitikia kwa adabu, na usiku huohuo akala kimchi, ile kabichi ya kuvundikwa kwa chumvi na pilipili, na vidagaa vya chumvi kama kawaida yake, kwa sababu hakuona vipi kijana yule, ambaye pengine hajawahi kumenya hata kitunguu, amfundishe kula mwanamke mwenye mitungi yake.

Kwetu nyumba hujulikana kwa mchuzi wake wa soya. Nyuma ya nyumba ya Geum-rye kuna jukwaa la mawe, na juu yake imepangwa mitungi, mikubwa nyuma, midogo mbele. Mmoja tu ndio uliokiuka mpango huo: mtungi mdogo mweusi, ulioachwa kwenye kona inayopata jua la asubuhi. Ndani yake mlikuwa na mchuzi wa zamani, mzito kama asali ya nyuki wa msituni, uliorithiwa kutoka kwa mkwe hadi mkwe. Wakati wa vita ulizikwa kwenye shimo la kuhifadhia figili ili askari wasiuone. Kila mwaka, mchuzi mpya ukishachujwa, kiasi chake hutiwa humo ili wa zamani usipungue. Mchuzi huo ndio uliotiwa kwenye supu ya kuwakumbuka marehemu, na chupa zake ndizo zilizopelekwa kwa mwanawe Gyeong-tae huko Incheon. Tangu aje akiwa bibi harusi, Geum-rye hakuwahi kuuacha mtungi ule ukae mwaka mzima bila kuongezwa. Hakuwa na jambo jingine la kujivunia, wala hakulitafuta.

Kizunguzungu kiliporudi mara ya pili, ya tatu, na zile nyingine zilizofuata, alianza kukijua kabla hakijafika. Sikio lilijaa kama limezibwa na pamba iliyolowa. Kisha nyenje walianza kulia ndani yake, hata kama nje ni theluji tupu. Hapo alikuwa na muda mfupi wa kukaa chini, popote alipo, na kushika kitu kisichosogea. Mara moja kilimkuta uani, akakumbatia mtungi mkubwa kwa mikono miwili. Mume wake, mzee Sang-deok, alimkuta hivyo, akasimama akimtazama.

"Mama Gyeong-tae, umepata mume mwingine?" aliuliza.

"Huyu angalau hasogei," alijibu, macho yamefumbwa.

Sang-deok alikuwa mtu wa maneno machache, tena hayo machache aliyatoa kama anayetoa jino. Lakini siku ile alimfuta matapishi, akamlaza kwenye sakafu yenye joto, na kesho yake akampandisha basi kwenda kwa daktari Tak.

Daktari Tak alitibu kwa dawa za jadi za kwetu, orofani juu ya kinyozi, katika mji wetu mdogo wenye soko. Alikuwa mnene, macho yake ya usingizi, na ngazi za kwenda kwake zilinukia mizizi inayochemka. Alimshika Geum-rye kifundo cha mkono kwa vidole vitatu akasikiliza mapigo. Kisha akauliza kama miguu yake hupata baridi, kama analala, kama tumbo linaunguruma baada ya kula, na ni nani aliyemkasirisha. Hospitalini hakuna aliyemuuliza habari za hasira. Geum-rye alifikiri sana, akasema hana mtu. Daktari akasema hiyo nayo ataiandika.

"Toa ulimi, mama."

Akautoa.

"Umevimba. Una alama za meno pembeni, kama donge la unga lililobonyezwa. Ndani yako mna maji yaliyokaa mahali si pake."

"Na hospitalini walisema ni maji."

"Basi leo tumepatana, jambo ambalo si la kila siku." Alijikuna shingo. "Sikiliza, mama. Mimi sitakuponya. Sikio lako sasa ni kama mume mlevi, halibadiliki kwa kusutwa. Tutakachojifunza ni dalili za kurudi kwake nyumbani, ili tufiche vyombo mapema. Vidonge vya hospitali usiviache. Na chumvi, acha."

Wakati anashuka ngazi, ameshika reli kwa mikono yote miwili, Geum-rye aliwaza kwamba tiba mbili zisizosalimiana njiani zimesema neno moja. Hapo ndipo alipoamini.

Kwa hiyo alianza mwaka wa chakula chapwa. Kila siku ya soko alipanda basi, akakaa kiti cha mbele, akakazia macho kitu kimoja kilicho mbali asije akalewa. Daktari Tak alimchoma sindano nyembamba kama nywele, mikononi, miguuni, nyuma ya sikio, akamwacha amelala nazo huku kifurushi cha majani ya pakanga kikifuka moshi juu ya kitovu chake. Alirudi na mifuko ya dawa ya maji, ya kahawia, yenye tangawizi na maganda ya machungwa na mizizi asiyoijua. Aliipasha moto asubuhi na jioni, akainywa kwa kuziba pua. Kimchi aliisuuza kwenye maji mpaka ikawa rangi ya kitambaa cha zamani. Supu ya maharage aliitia maji mara mbili. Vidagaa aliviloweka usiku kucha.

Sang-deok alikula alichokula mkewe. Hakulalamika. Kwa mtu aliyelelewa na mitungi ile, kukaa kimya mbele ya supu kama ile ilikuwa ni mapenzi ya aina yake, na Geum-rye alilijua hilo, ingawa hakuna aliyelitaja. Ila alishangaa kwamba mume wake alianza kula akiwa amevaa koti, hata ndani ya nyumba yenye joto.

Ugonjwa haukuondoka. Nyenje waliendelea kulia. Lakini kuanguka kulipungua, na kulipokuja hakukudumu. Majira ya mpunga yalipita akiwa amesimama. Vuli ikapita. Alichemsha soya, akaziponda, akafinyanga mabonge, akayafunga kwa majani ya mpunga na kuyaning'iniza darini yavunde. Kazi hiyo aliifanya kwa kukaa na kuinuka, kukaa na kuinuka, kama anayesali. Alichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Kutembea juu ya ardhi usiyoiamini ni kazi, na hakuna anayeiona ili akupe pole.

Siku ya farasi ya mwezi wa kwanza, kwa kalenda ya wazee inayozipa siku majina ya wanyama, ndiyo siku ya kuloweka mchuzi. Geum-rye aliamka akaoga. Akafunga mdomo. Mama mkwe wake alikuwa akiufunika kwa karatasi nyeupe iliyokunjwa, maana pumzi na porojo huharibu mchuzi. Yeye alitumia barakoa iliyobaki tangu miaka ile ya korona. Tangu chumvi inapotiwa majini mpaka kifuniko kinapofungwa, mwanamke hasemi neno. Na mwanamume hakanyagi jukwaa. Sang-deok alisimama chini yake, upande wa ukuta, akisokota kamba ya majani ya mpunga ya kufunga shingoni mwa mtungi.

Aliyeyusha chumvi ya bahari. Akatumbukiza yai bichi. Yai likielea na kuonyesha upara wake juu ya maji, mdogo kama sarafu, chumvi imetosha, likizama, bado. Lakini asubuhi ile, alipoinama juu ya beseni, maji yalikuwa yanayumba, au kichwa chake ndicho kilichoyumba, na yai likawa linapanda na kushuka kama mtu anayesinzia. Hakuweza kuliamini. Hakujali sana. Yai ni la bibi harusi, mama mkwe wake alizoea kusema, ulimi ni wa mwenye nyumba. Alishusha barakoa, akachovya kidole, akaonja.

Chumvi ilimpiga kooni kama kofi. Alikunja uso. Hakuwahi kutengeneza maji makali namna ile. Yangeua mchuzi, yakaufanya mchungu mwaka mzima. Akaongeza kata ya maji. Akaonja, akaongeza nyingine, na nyingine tena. Hapo ulimi ukatulia, ukasema sawa. Yai lilikuwa limezama mpaka limegusa chini ya beseni, lakini yeye alikuwa hatazami yai.

Aliinua macho mara moja tu, akamwona Sang-deok amesimama na kamba mkononi, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Kisha ule mdomo ukafungwa. Geum-rye akapanga mabonge ya soya ndani ya mtungi, akamimina maji, akaelesha mkaa na pilipili kavu na tende za kichina juu yake, akafunika. Akavua barakoa.

"Tumemaliza," alisema.

"Umechoka," Sang-deok akasema, akampa kamba.

Majira ya kuchipua yalipofika aliufungua mtungi ili auchuje. Kabla hajainua kifuniko mpaka juu, alijua. Badala ya ile harufu nzito, tamu, ya nyumba yenye watu, ilimjia harufu ya uchachu, ya kitambaa kilichosahauliwa ndooni. Utando mweupe ulikuwa umefunika maji yote, umekunjamana kama ngozi ya maziwa. Alisimama pale na kifuniko mkononi. Sikio lake lilikuwa kimya siku hiyo, ardhi imetulia kabisa, na hiyo ndiyo iliyomuuma. Hakuwa na kizunguzungu cha kusingizia.

Mama wa Namwon, jirani yake, ambaye huitwa hivyo kwa mji aliotoka alipoolewa, alikuwa na pua ndefu kuliko ukuta. Alichungulia.

"Dada, umeanza kutengeneza pombe?"

"Ndiyo. Lete bakuli."

Mama wa Namwon alicheka, kisha akaacha kucheka. Akazunguka akaja, akautazama mtungi, akautazama ule mdogo mweusi wa konani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anao mchuzi wa kutosha, anaweza kumpa chupa kadhaa za supu ya marehemu. Alisema kwa wema, na wema huo ulimwingia Geum-rye kama mwiba chini ya ukucha. Kuomba mchuzi nyumba ya jirani kwa ajili ya wazee wa ukoo wake: hata wakati wa vita nyumba hii haikufika huko.

Siku ya soko alikwenda kwa daktari Tak. Alilala na sindano zake, moshi wa pakanga ukipanda, akatazama dari. Akamweleza. Alisema ameelewa kilichotokea: ulimi uliokaa mwaka bila chumvi umekuwa ulimi wa mtoto mchanga, kila kitu kwake ni kikali. Aliuliza, kama akirudi kula chumvi, kidogo kidogo, mpaka ulimi urudi, ubaya wake ni nini.

Daktari Tak alikaa kitako kwenye kiti chake kidogo.

"Ubaya unaujua. Utaanguka."

"Mara ngapi?"

"Hilo aulizwe mlevi."

"Daktari, mimi ni ulimi huu. Nikiondoa ulimi, kinachobaki ni mwanamke anayepanda basi kuja kuchomwa sindano."

Daktari aliinuka. Alizigusa sindano moja moja, akizizungusha kidogo, kama mtu anayejaribu milango usiku kuona kama imefungwa. Mwishowe akasema kwamba yeye humshauri mgonjwa, hamtawali. Lakini akasema pia kwamba amewaona waliousikia mlio ukihama kutoka sikio moja kwenda la pili, na mtu akishafikia hapo hana upande wa kulalia.

Jioni Geum-rye aliandaa meza. Bakuli la mumewe, bakuli lake. Kisha, bila kusuuza, akaweka kimchi nyekundu kutoka kwenye friji, na kisahani cha vidagaa vya chumvi kama vilivyo. Sang-deok alitazama meza, akamtazama yeye. Geum-rye alichukua vijiti, akachagua kipande kinene cha kimchi, akakiinua. 

Sang-deok alitia mkono katika mfuko wa koti. Akatoa kichupa kidogo cha plastiki, cha dawa ya macho, chenye chumvi ndani, akakiweka katikati ya meza kama mtu anayeweka silaha chini.

Geum-rye alikishusha kipande cha kimchi.

"Tangu lini?"

"Tangu supu ya kwanza."

"Mwaka mzima?"

"Mama Gyeong-tae, ile supu. Hata mbwa wa mama wa Namwon aliikataa."

Alitaka kucheka, au kulia, hakujua ni kipi kati ya hivyo, na uchovu haukumruhusu kimojawapo. Kisha wazo likamjia polepole, likakaa. Mtu huyu ulimi wake haukupotea. Aliulisha kwa siri, chini ya koti, mwaka wote.

"Siku ile jukwaani," alisema. "Uliliona yai?"

Sang-deok alitazama ukuta.

"Niliona."

"Lilizama."

"Lilizama kama jiwe."

"Mbona hukusema?"

Sang-deok alikizungusha kile kichupa mezani. Akasema kwamba jukwaa lile si mahali pake. Kwamba akiwa mtoto alipanda huko kufuata paka, mama yake akamchapa kwa kata ya mti mpaka ikapasuka. Akasema pia kwamba mwaka mzima alimwona mkewe akishika kuta, akishika milango, akimshika hata yeye, na siku ile ndiyo siku pekee aliyomwona amesimama peke yake bila kushika kitu. Hakutaka kuwa yeye wa kumwangusha.

Geum-rye alisimama. Aliondoa sahani ya vidagaa, akaondoa kimchi, akaenda kuisuuza bombani. Maji yalitoka mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Alirudi akakaa, akala. Ilikuwa chapwa kama siku zote. Alikisukuma kile kichupa upande wa mumewe.

"Weka mezani," alisema. "Usile umevaa koti kama mwizi."

Asubuhi aliondoa utando, akachuja maji yaliyochacha, akayatia kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la uani. Mabonge ya soya aliyaweka kando. Hayo yangepondwa kwa chumvi, pengine yangefaa kwa supu. Mchuzi ulipoanza kuchemka na povu kupanda, alifunga barakoa. Kisha akaifungua tena, akaitia mfukoni.

"Baba Gyeong-tae. Njoo."

Alikuja mpaka chini ya jukwaa, akasimama alipozoea kusimama.

"Panda."

"Huko?"

"Nikuletee ngazi?"

Sang-deok alivua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Jukwaa ni mawe matupu, nje, juani. Alipanda na soksi, akipita katikati ya mitungi ameinua mikono kidogo, kama mtu anayepita kati ya watu waliolala. Mama wa Namwon alikuwa ukutani. Geum-rye alimwona, akamwacha aone.

Yeye mwenyewe aliketi kwenye jiwe, mgongo ameuegemeza kwenye mtungi mkubwa, kwa kuwa sikio lilikuwa limeanza kujaa, na nyenje walikuwa mbali bado lakini wanakuja. Alichukua konzi ya chumvi akamwonyesha. Sang-deok alitia, akakoroga, akapuliza kata, akaonja. Akatafuna ule mchuzi kama chakula.

"Vipi?"

"Bado."

Akampa konzi nyingine. Kukoroga, kupuliza, kuonja.

"Bado. Ya mama ilikuwa inauma hapa." Aligusa pembeni mwa ulimi wake, nyuma kabisa. "Hii inauma mbele tu."

Geum-rye alimtazama. Miaka yote waliyokula pamoja hakujua kwamba mtu huyu anajua mahali mchuzi unapouma. Alikuwa hajawahi kumuuliza. Alimpa konzi ya tatu, akafumba macho, kwa kuwa ukuta wa jirani ulikuwa umeanza kusogea na mama wa Namwon pamoja nao.

"Sasa?"

Sang-deok alionja tena. Moto ulipasuka chini ya sufuria.

"Sasa inauma panapotakiwa," alisema. "Ila si nzuri, Mama Gyeong-tae. Ina uchachu kwa nyuma. Ya kupikia mboga itafaa. Kwenye ule mweusi, hapana."

Ilimwuma, na alijua ni kweli. Mwaka huu mtungi mweusi hautaongezwa. Utakaa na ulicho nacho, kama wao. Hapakuwa na ulimi ambao ungebadilisha hilo, si wake, si wa mtu yeyote. Lakini ulikuwa bado haujakauka, na mwaka ujao una siku yake ya farasi.

"Na moto," Sang-deok akaendelea, ameinama juu ya sufuria, "moto ni mkali mno. Mama alikuwa anapunguza hapa, halafu—"

"Nimekwambia uonje," Geum-rye alisema bila kufumbua macho. "Sikukwambia uwe mama mkwe."

Alimsikia akinung'unika, kwa lile sikio lake zima. Kisha akasikia kuni ikivutwa kutoka motoni, na kata ikirudi kwenye sufuria, ikikoroga polepole. Akaushika mtungi ulio nyuma yake kwa mikono miwili, akasubiri ardhi izunguke na imalize.